Daftari la Bwana Grogan wa Taveta

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo walinena wahenga, na wala hawakukosea. Leo, msomaji mpendwa, nimekusudia kulifungua daftari la mtu mmoja ambaye babu zetu walilitaja jina lake kwa hofu na baba zetu kwa hasira, na sisi twalitaja tukipita njia tu, bila kufikiri lilikuwa la nani. Mtu mwenyewe ni Ewart Scott Grogan, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1874 na kufa Cape Town mwaka 1967.

Abiria atokaye Voi kwenda Taveta, akisha kupita Mwatate na Bura na kuivuka nyika ya Maktau, huuona Mlima Kilimanjaro ukimjia mbele kama bahari iliyosimama. Kabla hajaingia mjini huona jumba kubwa juu ya kilima, lisilofanana na nyumba yoyote ya jirani. Hilo ndilo jumba la Grogan, ambalo mwenyewe aliliita Girigan. Lilijengwa katika miaka ya 1930, na ukisimama barazani pake waiona nchi yote imetandazwa chini kama mkeka: mashamba ya mkonge, Ziwa Jipe, milima ya Upare ng'ambo ya mpaka, na juu ya yote theluji ya Kilimanjaro.

Huko Marekani kuna mchezo wa kupiga mpira kwa rungu uitwao besiboli. Wachezaji wake hulipwa fedha nyingi, na mmoja akistaafu watu hukaa wakahesabu majumba yake na magari yake. Mwaka 1930 mchezaji aitwaye Babe Ruth alitia saini mkataba wa dola 80,000 kwa mwaka, na dunia ikashangaa kwamba mkono wa mtu waweza kuleta mali kiasi hicho. Grogan hakucheza mpira. Lakini yeye naye alianza na kiungo cha mwili wake, nacho ni miguu. Miguu ilimpa sifa, sifa ikampa milango, milango ikampa ardhi, na ardhi ikamfanya tajiri. Tuufuate mlolongo huo hatua kwa hatua, tuone kila senti ilitoka wapi.

KIJANA ASIYEKALIKA

Grogan alizaliwa katika nyumba yenye watoto wengi, ya baba aliyekuwa mtu wa shughuli za ardhi na majumba. Alipelekwa shule kubwa ya Winchester, kisha chuo cha Jesus huko Cambridge, na kote kuwili alifukuzwa kwa utundu. Kitabu hakikumweka. Alipenda kupanda milima, na mwaka 1896 alikwenda kusini mwa Afrika, akashiriki upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wandebele. Huko aliugua sana, na ilimbidi asafiri mbali ili apate nafuu.

Safari hiyo ya kutafuta afya ikampeleka New Zealand, na huko akampenda msichana aitwaye Gertrude. Mlezi wa msichana, kama ilivyo desturi ya wazazi wenye mali duniani kote, alimwangalia kijana huyu asiye na kazi wala shahada, akaona hapana cha maana. Grogan akajitia ahadi kubwa: atatembea Afrika nzima, toka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na Mzungu yeyote, ili ajulikane kuwa ni mwanamume. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, kwani mahari tumeyasikia ya kila namna, lakini mahari ya kukanyaga bara zima ni machache.

SAFARI YA MIGUU

Mwaka 1898 aliondoka Beira pamoja na Arthur Sharp, jamaa wa Gertrude. Ni mwaka ule ule ambao simba wa Tsavo walikuwa wakiwala wajenzi wa reli, si mbali na Voi yetu. Wakati reli inatambaa kutoka Mombasa kwenda bara, Grogan alikuwa akipita mbali magharibi: Ziwa Nyasa, Tanganyika, Ujiji, Kivu na milima yake ya moto, kisha Toro. Huko Uganda Sharp alichoka na safari, akaacha. Grogan akaendelea, akateremka Mto Nili, akapita katika mabwawa makubwa ya matete huko Sudan kwa homa na njaa, na mapema mwaka 1900 akafika Cairo.

Alipofika kwao alipokewa kama shujaa. Malkia Victoria alimwona. Cecil Rhodes, aliyeota kujenga reli kutoka Cape hadi Cairo, alimsifu kwa safari hiyo. Kitabu cha safari kikachapishwa mwaka huo huo wa 1900, na kabla mwaka haujesha Grogan alikuwa amekwisha kumwoa Gertrude wake.

Hapa daftari lina ukurasa wa kwanza uliopungua. Mizigo ya safari ile haikujibeba. Mahema, risasi, vyakula, vitambaa vya kununulia njia, vyote vilikaa juu ya vichwa vya wapagazi. Sisi wa pwani twaijua kazi hiyo, kwani wazee wetu waliifanya miaka mingi kabla Grogan hajazaliwa. Jumbe Kimemeta wa Pangani aliijua njia ya Umasaini wakati Wazungu wakiitafuta kwenye ramani tupu. Na Taveta yenyewe ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani. Baada ya jangwa la Taru na ukame wa Maungu, msafara ulipofika kwenye msitu wa Taveta, watu walipata maji, ndizi, samaki na usalama, wakapumzika kwa majuma. Hakuna kati ya watu wale aliyepelekwa mbele ya Malkia. Si kwamba namnyima Grogan haki ya ushujaa wake, kwani miguu yake ilitembea kweli. Nasema tu kwamba miguu iliyofika ilikuwa mingi, na iliyoandikwa ni miwili.

KUTOKA SIFA HADI ARDHI

Mwaka 1904 Grogan na mkewe walihamia Afrika Mashariki ya Kiingereza, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Serikali ilikuwa imekwisha kujenga reli kwa gharama kubwa, nayo ilitafuta watu weupe wa kuja kulima ili reli ipate shehena. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha wageni kupewa mashamba kwa bei ndogo, na sheria ya mwaka 1915 iliongeza mikataba hadi miaka 999, huku mwenyeji akihesabiwa kuwa mpangaji tu katika ardhi ya Mfalme. Katika mazingira hayo, mtu mwenye jina na ulimi mwepesi hakuhitaji fedha nyingi. Alihitaji saini.

Grogan aliipata saini. Pamoja na mshirika wake Lingham, mtu wa biashara ya mbao, alipewa haki ya kukata miti katika makumi ya maelfu ya ekari za msitu upande wa Ravine. Huko Nairobi alikamata nyumba na shamba la Chiromo, mahali ambapo leo pana chuo kikuu, na vilevile kinamasi cha kando ya mto ambacho wengi walikiona hakifai hata kufugia bata. Yeye alijua kwamba mji utakua na utahitaji ardhi. Barabara iliyopita hapo ikaitwa Grogan Road, na siku hizi yaitwa Kirinyaga Road. Mwaka 1928 alifungua Nairobi hoteli ya fahari iitwayo Torr's, ambako walowezi walicheza dansi na kunywa chai.

Na Mombasa, je? Mombasa nayo imo daftarini. Mbao za msituni zilihitaji pahali pa kupakilia, na kwa hoja hiyo Grogan alipata ardhi Mbaraki, kando ya maji ya Kilindini. Msomaji wa Mombasa aijua Mbaraki kwa mnara wake wa mawe uliosimama karibu na msikiti wa kale, ambako watu tangu zamani walikwenda kuweka nadhiri na kufukiza ubani. Grogan hakuuona ubani, aliuona ukingo wenye maji marefu. Alijenga gati, na katika miaka ya 1920 serikali iliyompa njia ya kuipata ardhi ile ikalinunua gati kutoka kwake kwa malaki ya pauni. Gati mbili za kwanza za serikali za maji marefu huko Kilindini zilikamilika mwaka 1926.

Mwenye macho ataiona siri ya utajiri wa Grogan. Hakuwa mkulima hodari kuliko wengine, wala hakuwa mtu wa duka. Alikuwa mtu wa kuona maji na ardhi vitakavyotakiwa kesho, kisha kuvishika leo kabla ya wengine. Aghalabu aliendesha mambo kwa mikopo, akiweka rehani shamba hili ili apate lile, na fedha taslimu mfukoni mwake haikudumu. Tajiri wa hati na tajiri wa fedha ni watu wawili mbalimbali, na Grogan alikuwa zaidi wa hati.

KIBOKO MBELE YA KORTI

Kabla ya kufika Taveta, lazima tusimame katika ukurasa wa mwezi Machi mwaka 1907. Wakati ule Grogan alikuwa mkuu wa chama cha walowezi. Wanaume watatu wa Kikuyu, waliokuwa wakikokota rikisho, walishitakiwa na wanawake wa Kizungu, mmoja wao dada yake Grogan, kwamba waliwakosea adabu kwa kulitikisa gari. Grogan hakuwapeleka kwa hakimu. Aliwapeleka mbele ya korti ya Nairobi, mbele ya umati wa Wazungu, akawapiga viboko mchana kweupe. Hakimu alitokeza kuzuia, hakusikilizwa.

Serikali iliona aibu, ikamshitaki, naye akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Lakini kifungo chenyewe alikitumikia katika nyumba ya starehe mlimani Nairobi, si katika jela walimofungwa wengine. Wapo waandishi wanaokipitisha kisa hiki kwa haraka, kana kwamba ni ukali wa ujana. Alikuwa na miaka 32. Sisi tuliofunzwa chuoni kwamba dhulma ni giza Siku ya Kiyama hatuwezi kukipitisha hivyo. Wale watatu walirudi makwao na migongo yao, na mpigaji akaendelea kukaa katika mabaraza ya kutunga sheria hata uzeeni. Mau Mau ilipozuka mwaka 1952, alikuwa bado miongoni mwa wenye kutaka mkono mzito.

MAJI YA NJORO, NYUZI ZA MKONGE

Sasa tufike Taveta. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeigeuza nchi hiyo uwanja wa mapigano. Wajerumani waliingia Taveta mwezi Agosti 1914, na Februari 1916 wakawarudisha nyuma majeshi ya Waingereza penye kilima cha Salaita. Ili kupeleka askari na mizinga, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau hadi Taveta, ikaungana na reli ya Moshi. Vita vilipokwisha, reli ilibaki. Na palipo na ardhi kubwa, maji na reli, Grogan hakuwa mbali.

Taveta ina neema ya ajabu. Mvua yake ni kidogo, lakini maji ya Kilimanjaro husafiri chini kwa chini na kuibuka katika chemchemi za Njoro, safi na bila kukoma, na Mto Lumi huyachukua hadi Ziwa Jipe. Grogan alilielewa hilo. Alipata mashamba makubwa Taveta, Jipe na Ziwani, akachimba mfereji ambao hata leo watu wauita wa Grogan, akapanda mkonge maelfu kwa maelfu.

Mkonge si mwenyeji wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagizia miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga na Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 mashamba ya Afrika Mashariki yalienea. Nao ni mmea mvumilivu wa jua, lakini kiwanda chake kina kiu. Jani hukatwa kwa mkono, huondolewa mwiba, hufungwa mizigo na kupelekwa penye korona, mashine ya kuparura nyama ya jani ili zibaki nyuzi. Katika kila ratili mia za majani hazitoki nyuzi zaidi ya ratili nne au tano. Zilizobaki zote ni takataka ya kuoshwa kwa maji mengi. Kwa hiyo mwenye mkonge bila maji ana miiba tu, na mwenye Njoro ana dhahabu nyeupe.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, bahati ikamgeukia tena. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Filipino na Java, kulikotoka katani nyingine za dunia, na kila uzi wa Afrika Mashariki ukatakiwa kwa kamba za meli na za majeshi. Nyuzi za Taveta zilipanda treni hadi Voi, zikashuka Mombasa, zikapakiwa Kilindini. Mkata mkonge, aliyeamka alfajiri na kurudi mikono imechanwa na miiba, hakupanda jumba la Girigan isipokuwa kwa kutumwa.

Ndipo msiba nao ukabisha hodi. Mwaka 1943 Gertrude alifariki dunia. Yule aliyetembelewa bara zima hakuuona mwisho wa vita. Grogan alihuzunika sana, na mwaka 1947 alitoa mahali huko Muthaiga, Nairobi, pakafanywa hospitali ya watoto kwa jina la mkewe. Hospitali hiyo ipo hadi leo, na watoto wa kila rangi na kila dini hutibiwa humo. Huu ni ukurasa mwema, na mwandishi mwadilifu hana ruhusa ya kuuchana.

MWISHO WA SAFARI

Uhuru wa Kenya ulipatikana mwaka 1963. Mashamba ya Taveta yalipita mikononi mwa wenye fedha wengine, na Grogan, mkongwe asiye tena na kiboko, akaondoka. Alikufa Cape Town mwezi Agosti 1967, umri wake miaka 92, katika mji ule ule ambao jina lake liliambatana na safari yake. Jumba la Girigan lilikaa miaka mingi likichakaa, popo wakiishi vyumbani, kisha likatengenezwa na kufanywa hoteli. Mgeni aweza kulala humo akautazama mlima, akalipa, akaenda zake.

Lakini walio chini ya kilima hawakwenda zao. Katika ardhi ile ile waliyolima babu zao, wako watu wa Taveta walioitwa maskwota kizazi baada ya kizazi, na shauri la nani ana haki ya mashamba yale limeendelea tangu uhuru hadi karne hii mpya, kutoka kampeni hata kampeni. Mwenye hati hubadilika, hati haibadiliki. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa maumivu hayo. Wako ndugu zetu kutoka Vanga hadi Lamu ambao minazi ni yao na udongo ni wa mtu asiyeonekana. Hata maji yana hadithi hiyo: tangu mwaka 1957 bomba la Mzima huyachukua maji ya nchi ya Taita na Taveta hadi mabombani kwetu Mombasa, na vijiji vya karibu na chemchemi husikia yakipita. Tunapolaumu mtu wa kilimani, tukumbuke na sisi twanywa.

Basi tulifunge daftari. Upande wa kulia twaandika ushujaa wa safari, akili ya kuona mbele, gati, mfereji, hospitali ya watoto. Upande wa kushoto twaandika migongo mitatu ya mwaka 1907, wapagazi wasio na majina, mikono ya wakata mkonge, na ardhi iliyotolewa na asiyekuwa mwenyewe kwa asiyekuwa mwenyewe. Kila mtu na ajumlishe kwa hesabu yake. Mimi naona jambo moja tu la kumwambia kijana anayetamani mali ya wachezaji na matajiri wakubwa: uliza kwanza ilitoka wapi, kisha uliza iliishia wapi. Ya Grogan ilitoka kwenye saini, na iliyobaki mikononi mwa watu bila ugomvi ni ile aliyoitoa kwa watoto wagonjwa.

Karuni alikuwa na funguo za hazina zilizowaelemea wenye nguvu, na ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Grogan hakumezwa kwa ghafula. Alipewa miaka 92, na baada yake nyumba ikabaki kilimani pasi na mwenyewe. Daftari letu ni la karatasi, na karatasi hukosea. Liko jingine lisilokosea, ambalo mpagazi na bwana wake wameandikwa ukurasa mmoja. Mola atujaalie tusomewe la kheri.